Chupa Saba Kando ya Mkomamanga

Mtu wa chupa alikuja siku ya tatu baada ya arobaini ya shangazi, saa tatu asubuhi, na fimbo ya chuma begani kama anakwenda kuua nyoka. Alikuwa na ndevu zilizochanganyika mvi na mabuti ya mpira, na shikamoo yake ilikuwa ya haraka, maana macho yalikwisha nipita yakaingia uani. Aliyemleta ni Rajabu, mtoto wa baba yangu mdogo. Nyumba ya shangazi inauzwa. Rajabu amepata mnunuzi wa Dar anayetaka kuivunja nusu na kujenga nyumba ya wageni, na kabla matofali hayajaja akaona si vibaya mtu huyu apite, afukue taka za watu wa zamani, achukue chupa kuukuu anazozipenda. Mimi sikukataa. Mimi ni nani wa kumkataza mtu kuchimba chupa? Kwangu Dunda nina rafu mbili zimejaa, zipo mia na kitu, kila moja nimeitoa ardhini kwa mkono wangu, na watoto wa mtaa wananiita Bibi Chupa nami naitika. Nikavuta kiti cha plastiki nikakaa kivulini, nikasema ngoja nimwone huyu fundi. Alikuwa anajua kazi, sikudanganyi. Anachoma fimbo polepole, anasikiliza kwa kiganja, anahama. Mpaka akafika karibu na kisiki cha mkomamanga, pale ukutani, akakwangua kwa buti na kuchuchumaa. "Mama, hapa kuna chupa zimesimamishwa kichwa chini. Naona vitako. Zimepangwa duara. Na moja ya buluu!"

"Acha," nikasema.

"Hii ya buluu, kama ni nzima, mimi nakupa—" akataja hela ambayo Rajabu aliisikia kutoka mlangoni, maana alitoka mbio.

Sikubishana naye. Niliinuka, nikachukua kiti changu, nikakibeba mpaka pale ukutani, nikakiweka juu ya lile duara, miguu minne ya kiti nje ya chupa saba, nikakaa. Rajabu akanitazama kama wanavyotazamwa wazee walioanza kupotewa na akili. "Dada, vipi tena? Si una zako chupa, ziko mia nyumbani." Nikamwambia aniletee maji ya kunywa. Nilihitaji muda, maana shangazi na shoga yake Bi Kidawa wote wako chini ya ardhi, na jambo lililokuwa chini ya kiti changu lilikuwa limebaki na mimi peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano, nami ni mwali. Wasichana wa leo wakisikia mtu kuwekwa ndani wanadhani ni hadithi, lakini mimi niliwekwa. Nilitolewa Mapinga nikaletwa hapa kwa shangazi yangu, Bi Salima, mjane, asiye na mtoto, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukatisha maziwa, nikaambiwa nitakaa mwaka, nisitoke mlangoni, nisionwe na mwanamume, nifundwe, ning'ae, kisha niolewe Pangani na mtu ambaye nilikuwa nimeambiwa jina lake na kazi ya baba yake basi. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja kungwi wangu, Bi Kidawa, kibonge, mwingi wa vicheko, kunifunda mambo ambayo siyaandiki humu. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na kuta. Nilikuwa msichana wa kupanda minazi, wa kukimbia na mbuzi, halafu nikatiwa kwenye chumba chenye dirisha moja juu kabisa, dogo kama mlango wa kuku. Nikilala chali nilihesabu boriti za dari: kumi na tisa, na ya kumi na mbili imepinda. Chokaa ilidondoka usoni kama mtu ananinyunyizia chumvi. Miguu ilinichoma. Nikitembea toka mlango wa mbele mpaka choo cha uani ni hatua arobaini na mbili, nilizitembea asubuhi, nikazitembea adhuhuri, mpaka shangazi akaniambia, "We Mwajuma, utanitobolea sakafu. Kaa chini uchambue mchele." Nikakaa. Mchele nikauchambua huku goti linacheza.

Kulikuwa na kula, hilo silalamiki. Mwali anashibishwa anone. Alfajiri chai ya mdalasini na muhogo wa nazi, mchana wali na papa mkavu, na katikati uji wa mtama ambao Bi Kidawa alinisimamia mpaka kibakuli kionekane kitako. Shangazi alipika mafuta ya nazi ya kuuza. Nyumba nzima ilinuka mafuta. Shuka zilinuka, mkeka wa kuswalia ulinuka, hata ndoto zangu. Yeye alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi tangu jua linachomoza, mimi nakamua tui, sufuria kubwa linachemka taratibu kwenye jiko la uani, na wanawake wa mtaa wanakuja kwa mlango wa nyuma na chupa zao. Enzi hizo mtu hakutupa chupa. Ukienda kununua mafuta bila chupa ulirudi bila mafuta. Kwa hiyo mazungumzo niliyoyasikia mwaka ule, nikiwa nimekaa nyuma ya ukuta wa makuti wa jiko nisionwe, yalikuwa ya mambo mawili: fulani kaachwa, na chupa hamna.

Yangu ya kwanza niliipata kwa hasira. Shangazi alinituma nichimbe shimo kwenye pembe ya ua, nyuma ya choo, la kufukia matumbo ya samaki. Nikalishika jembe kama nampiga mtu. Pigo la nne nikasikia kitu kikilia, nikainua, nikaona vipande vya kijani kizito, vinene kuliko kidole changu. Sijui kwa nini nilichuchumaa. Nilivipanga juu ya udongo, kipande na kipande, mpaka nikaona umbo la chupa yenye mabega na pembe nne, mraba, kama nyumba. Ndani ya kioo kulikuwa na mapovu yaliyogandishwa, pumzi ya mtu aliyeipuliza. Nikaendelea kuchimba mpaka matumbo ya samaki yakaanza kutoa harufu na shangazi akaja na upawa mkononi kuuliza kama nachimba kisima.

Mwanzoni niliharibu sana, kama kila anayeanza. Tatu nilizipasua kwa jembe. Moja, ile yenye gololi ya kioo imenaswa shingoni, niliitoa nzima, nikaikimbiza jikoni na kuitumbukiza kwenye maji ya moto nione rangi yake. Ililia mlio mmoja mwembamba ikagawanyika kama papai. Gololi tu ndiyo ilibaki. Nililia kuliko nilivyolia siku niliyoletwa. Baada ya hapo nikaacha jembe, nikachimba kwa kifuu cha nazi na kwa vidole. Nikachomoa waya kwenye mwavuli mbovu wa marehemu mume wa shangazi, nikajifunza kuuchoma ardhini nikiushika kwa vidole viwili. Jiwe linakugomea. Mzizi unakusukuma. Kioo kinateleza, unausikia waya unapiga chenga upande mmoja, na hapo moyo unapanda. Hakuna aliyenifundisha, sikujua hata kama duniani kuna watu wengine wenye wazimu huu. Nilijua kwa vidole kwamba chupa za zamani mshono wake unapanda ubavuni ukikoma kabla ya mdomo, maana mdomo uliwekwa baadaye kwa mkono, na kwamba za zamani zaidi hazina mshono kabisa, ila chini zina kovu la mviringo mahali zilipokatwa. Nilikiita kitovu. Niliishia darasa la nne, herufi nilizijua, lakini yale maneno yaliyosimama kwenye ubavu wa vioo hayakuwa ya kwetu. Nilifumba macho nikayapapasa. Nikafikiri: hii imetoka ng'ambo, imevuka bahari, imenywewa, imetupwa, na mimi sijafika mwisho wa mtaa huu.

Nilizipanga chini ya kitanda changu. Shangazi aliziona siku ya kufagia, akatoa moja ya mraba kama ile ya kwanza, nzima safari hii, akainusa kwa woga.

"Hii ilikuwa ya pombe hii! Nyumbani kwangu! Itoe nje sasa hivi!"

"Nitaitoaje nje, shangazi, na mimi nimekatazwa kutoka?"

Bi Kidawa alikuwepo. Alicheka mpaka kanga ikamfunguka. "Salima, jibu lako hilo! Umetaka mwali, umepata wakili." Shangazi hakucheka, lakini aliniruhusu niioshe mara saba kwa mchanga na jivu, na wiki ile ile akaijaza mafuta. Kuanzia hapo akaniacha. Kila chupa yenye mdomo mzima na isiyovuja alichukua yeye; mbovu, ndogo na za ajabu zilibaki zangu. Tulikuwa tumepatana bila kupatana. Katika zile zangu nilikuwa na moja niliyoipenda mpaka naona aibu kusema. Kichupa cha buluu kama wino wa mwalimu, kirefu kama kiganja, kina mbavu ubavuni, hakina hata ufa. Nilikitoa chini ya mfereji wa zamani, siku mbili nikichimba kwa kidole ili nisikiumize. Nililala nacho ndani ya foronya. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba vya namna ile viliwekwa sumu, na zile mbavu ni ili mtu akishika gizani ajue. Nashukuru sikulijua hilo mapema.

Sasa, kwenye ukuta wa upande wa kibla, hatua chache kutoka mkomamanga, kulikuwa na chupa saba zimechomekwa mdomo chini, vitako tu vimechungulia, vimeota ukungu wa kijani. Niliziona tangu siku ya kwanza. Watu wengi walipamba bustani zao hivyo, kwa hiyo nilidhani kulikuwa na maua yakafa. Kila Alhamisi, Bi Kidawa akishaondoka, shangazi alichukua kikombe cha bati, akateka maji mtungini, akaenda akayamimina pale. Nilidhani anamwagilia mkomamanga. Nikasema moyoni, mtu mzima huyu hajui mizizi iko wapi. Ndivyo nilivyokuwa: najua kusikiliza waya, sijui kumtazama mtu.

Idi ilikuwa inakaribia. Kila mwanamke alitaka mafuta ya nywele, ya mwili, ya kukaanga, na chupa zilikuwa zimekwisha kabisa. Shangazi aliingia jikoni akitupa vitu. "Mafuta yapo, wateja wapo, chupa hamna! Niwamiminie viganjani?" Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Saadani kwenye harusi ya jamaa wa marehemu mumewe, siku tatu, akaniacha na Bi Kidawa, ambaye alikula wali akalala ukumbini akikoroma kama mtumbwi unaburutwa. Nikatoka uani. Pembe ya choo nilikwisha imaliza, waya haukupata kitu. Miguu inanichoma. Nikageuka, nikaziona zile saba. Nzima, ndefu, zinangoja tu. Nikasema nitamfurahisha. Mbele ya Mungu, hilo ndilo nililolifikiri: atarudi akute sufuria tupu na chupa saba zimejaa, na atasema kitu kizuri angalau mara moja.

Sita zilitoka kwa kuzungushwa, kama unang'oa muhogo. Ya saba, iliyokuwa karibu kabisa na ukuta, ilikuwa imebanwa na jiwe la msingi. Nilivuta, haikutaka, nikavuta kwa hasira, ikatoka bila shingo. Nikaitupa shimoni. Zilikuwa chupa za marashi, nyembamba, nzuri. Nikasawazisha udongo kwa mguu, nikaufagia, maana shangazi hapendi ua wenye makovu. Nikaziosha, nikazijaza, nikazipanga sita juu ya ubao wa jikoni kama wanafunzi mstarini. Usiku ule mvua ya vuli ikaanza, ikanyesha siku mbili, ua ukawa ziwa kisha ukawa tope tambarare.

Shangazi alirudi na samaki wa kukausha wamefungwa kwa ukili wa miaa. Aliingia jikoni anaongea habari za harusi, bibi harusi mwembamba, pilau chumvi nyingi, kisha akaziona. Akaweka samaki chini. Akazigusa, moja, mbili, mpaka sita. Akatoka uani, akasimama mbele ya ukuta, na hakurudi haraka. Nilimfuata mpaka mlangoni nikitabasamu kama mjinga.

"Nani amekuambia uzitoe?"

"Ulisema chupa zimekwisha, shangazi."

Alinipita. Aliipua chungu cha mchuzi, akakiweka chini, na mchuzi ule hakuna aliyeula. Hakunipiga. Laiti angenipiga, maana alinyamaza siku nne, na mwanamke yule kunyamaza ilikuwa kama nyumba imekatika nguzo. Hakukuna nazi. Wateja waligonga, hakufungua. Na nikaona jambo lingine lililonitisha zaidi: hakupita tena uani upande ule. Kutoka jikoni kwenda chooni ni kunyoosha tu kandokando ya ukuta. Yeye aliingia ndani, akapita ukumbini, akatokea mlango wa pili, akazunguka mkomamanga kwa mbali. Kila safari. Kama ua wake mwenyewe una moto.

Alhamisi Bi Kidawa alikuja, wakakaa jikoni, nami nikajibanza nyuma ya makuti mahali pangu.

"Mrudishe kwao," Bi Kidawa alisema, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo. "Mtoto ana mikono isiyotulia. Mrudishe Mapinga, useme amekushinda. Pangani watatafuta mwingine."

"Hakujua."

"Angeuliza! Ana mdomo wa kunijibu mimi, hana mdomo wa kuuliza? Zile chupa mimi nilizichomeka kwa mkono huu, Salima. Nilikumiminia marashi yote saba pale juu wewe umelala ndani huwezi kusimama. Miaka kumi na moja. Yeye anakuja anazijaza mafuta ya kupaka!"

Shangazi akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Upande naujua. Mahali sijui. Mvua imefuta. Nitakanyaga wapi sasa, Kidawa? Kila nikiinua mguu najiuliza."

Hapo ndipo nikaelewa. Enzi zile kiumbe aliyezaliwa bila kulia hakupelekwa makaburini na wanaume. Wanawake walimkosha, wakamfunga kitambaa cheupe, wakamlaza uani karibu na ukuta, karibu na mama yake. Hakukuwa na jiwe wala matanga. Mtu wa nje hakuambiwa, na mwenye nyumba hakuhitaji kuambiwa. Nikakaa nyuma ya makuti nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, mikono ile ile. Tangu niletwe nilikuwa naomba mlango ufunguke nitoke. Sasa ulikuwa unataka kufunguka, nirudishwe Mapinga mchana kweupe, mwali aliyefukuzwa, posa imevunjika. Lakini nasema ukweli, si hilo lililonikosesha usingizi. Ni ile ya kwamba hajui akanyage wapi.

Alfajiri, shangazi akiwa kwenye mkeka wake, nilitoka. Nilichukua waya wa mwavuli kwa mazoea, nikafika ukutani, nikautazama, nikaona haya mpaka masikioni. Kazi yangu yote niliyojifunza ilikuwa kwenye ule waya. Ardhi iliyowahi kuchimbwa huwa laini, waya ungenionyesha kwa dakika moja. Na ningeuchoma wapi? Ndani ya nani? Nikaukunja kwa goti nikautupa juu ya paa. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kwenye pembe, nikapapasa udongo wa juu kwa ncha za vidole, unene wa kucha tu, kandokando ya ukuta, kiganja baada ya kiganja. Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Chupa ya saba ilitoka bila shingo. Shingo ilikuwa haijatoka. Ilikuwa bado imebanwa na lile jiwe la msingi, mahali pale pale Bi Kidawa alipoichomeka, na mvua haiwezi kusogeza kitu kilichoshikwa na jiwe. Jua lilikwisha chomoza nilipoipata. Sikuiona, ilinipata yenyewe. Ilinikata kidole hiki cha shahada mpaka mfupani. Kovu ninalo, nikishika kalamu kama hivi ndipo linapokaa.

"Shangazi!" nikaita. "Njoo. Pita kwa ndani, halafu uje kwa huku. Hapa ndipo. Mbele ya kidole changu."

Alikuja bado na kanga ya kuswalia. Akatazama damu, akatazama shingo ya chupa, akaelewa bila kuambiwa. Alikaa chini kwenye tope, mwanamke yule msafi, akaweka kiganja chote ardhini, akakiacha hapo. Kisha akasema, "Lete chupa." Tulimwaga mafuta sufuriani, tukaziosha kwa maji ya moto yaliyopoa, kwa jinsi nilivyojifunza, nikamwonyesha kwa mkono ya kwanza ilikuwa wapi, na ya pili, maana mikono yangu ilikumbuka. Alizichomeka mwenyewe. Zikawa sita. Ya saba haikuwepo. Shangazi akasema itatosha, sita zinatosha. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikakitoa kile cha buluu kwenye foronya, nikamletea.

Alikigeuza juani. Buluu ikamwangukia kwenye shavu. "Hiki si cha marashi," akasema.

"Ndicho kizuri kuliko vyote, shangazi."

Akakichomeka kando ya ukuta, juu ya ile shingo iliyovunjika. Akapangusa mikono. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuondoka, na hapo akasema kwa mgongo wangu, kana kwamba anamwambia mkomamanga, "Alikuwa na nywele nyingi." Basi. Akaingia ndani akaanza kukuna nazi. Bi Kidawa alipokuja kunichukua anirudishe Mapinga, alimkuta ananisuka. "Nani kasema anakwenda?" shangazi akamwambia. "Hajamaliza mwaka wake." Nikaumaliza, nikatoka, nikaolewa Pangani, nikazaa sita, nikarudi mjane, na miaka yote hiyo, kila nilipomtembelea, hakuna aliyelitaja tena. Alipozidiwa na macho kumfifia, kikombe cha Alhamisi nilikibeba mimi. Hakuniomba. Aliniachia kikombe juu ya mtungi.

Rajabu alirudi na maji. Nilikunywa nusu. Mtu wa chupa alikuwa amekaa juu ya fimbo yake, mpole, ananisubiri nichoke, maana anajua wazee huchoka. Nikamwambia achimbe popote anapotaka, nyuma ya choo, chini ya mfereji, jikoni, na kwamba kwenye mfereji atapata za udongo kama ana mkono mwepesi. Lakini hizi hapana, hizi zina kazi. Kisha nikamvuta Rajabu mkono ainame, mtu wa miaka sitini na kitambi chake, nikamwambia sikioni. Nilimwambia yote kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika hapa. Alibaki ameinama. Yeye naye alimwita shangazi miaka yote, alikula kwake, alicheza mpira kwenye ukuta huu.

"Wa kike au wa kiume?" akaniuliza.

Miaka hamsini na zaidi nimejua yuko hapa, mwishoni nikawa nammwagia maji mimi, na hilo sikuuliza. Nimekuwa nikijisifu kwamba mimi nauliza kila kitu. Tangu siku ile swali hilo linanitembea miguuni, naamka nalo, natembea nalo toka mlango mpaka choo kama mwali.

"Alikuwa na nywele nyingi," nikamwambia. "Ndilo ninalolijua."

Rajabu akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamwambia mtu wa chupa, "Kule tu, mzee. Huku usiguse." Kisha akasimama akiupima ukuta kwa macho, akipiga hesabu ya msingi wa watu wa Dar utapita wapi, na nikaona kwa jinsi anavyokuna kichwa kwamba unapita hapa. Mnunuzi anakuja Jumamosi na karatasi zake. Rajabu amesema atamwambia kona hii haimo kwenye mauzo. Huenda atakubali, huenda atacheka. Mimi nimekwisha mwambia Rajabu kiti changu kisiondolewe. Kesho ni Alhamisi, nitakuja na kikombe. Na Jumamosi nitakuja mapema kuliko wao.